Sauti Iliyokuwa Kwenye Folda ya Muda

Kazi yangu ilikuwa kufuta. Wanawake wenzangu wa jumuiya yetu ya kanisani wakiniuliza nafanya nini pale studio ya video Mbagala, niliwaambia niko upande wa kompyuta, nao walitikisa vichwa kwa heshima, na mimi heshima ile niliiacha ikae ilipo. Ukweli ni kwamba nilikuwa mfagizi. Wapiga picha walirudi Jumapili asubuhi wamechoka, wananuka moshi wa nyama choma, wakamwaga kwenye kompyuta mzigo wa harusi na misiba ya wiki nzima. Edita wetu alikata, akaunganisha, akaweka nyimbo. Mteja alichukua flash yake akaenda zake. Kilichobaki baada ya hapo kilikuwa changu mimi, nikitoe ili mzigo wa wiki inayofuata upate pa kukaa.

Tulikuwa na kompyuta moja ya maana, juu ya duka la ndoo na sufuria, hatua chache kutoka barabara ya Kilwa. Feni pekee ya chumba kile ilielekezwa kwenye kompyuta. Sisi wawili, mimi na edita, tulikaa pembeni tukitokwa na jasho, maana bosi alisema binadamu anaweza kutoka nje kupunga upepo na kompyuta haiwezi. Bosi ni wa ukoo wa Waarabu waliokuwa madukani Temeke kabla baba yangu hajateremka kutoka Songea. Ndoo na sufuria za chini ni zake pia. Alifungua studio baada ya kuona watu wanalia njaa lakini hakuna anayeozesha bila video, na aliiendesha kama ghala. Mzigo uingie, mzigo utoke. Nilipomwambia tunahitaji diski nyingine aliniuliza kwani wateja walikuwa hawajachukua kazi zao. Nikasema wamechukua. Basi, akasema, unamtunzia nani?

Nikarudi kufuta. Nakiri pia kwamba nilikuwa naipenda kazi ile kwa namna yangu. Nilitengeneza folda moja kubwa nikaiita MUDA, na kila kitu kilichopigwa na kamera kilitua humo kwanza, kikiwa bado hakijakatwa. Tulikiita picha mbichi. Juu ya hapo, ile programu ya kuunganishia ilikuwa inazaa mafaili yake yenyewe kimya kimya, na hayo ndiyo yaliyokuwa yananichosha roho. Kwa kila sauti ilitengeneza mawili. La kwanza kubwa, lenye nakala ya sauti yenyewe, ili kazi isikwame. La pili dogo sana, halina sauti ndani yake, lina mchoro tu: vile vilima na mabonde ambavyo edita anaviangalia ili ajue mtu ameanza kusema wapi na amenyamaza wapi. Nilikuwa napanga mafaili yote kwa ukubwa, nafuta kuanzia juu. Nikifika kwenye madogo naacha, kwa sababu ukifuta elfu moja ya hayo hupati nafasi ya kuweka hata wimbo mmoja. Ule mstari wa kuonyesha diski imejaa ulitoka kwenye wekundu ukarudi bluu, nami nilikwenda kununua muhogo wa kukaanga nikiwa na amani. Amani yenyewe ilidumu mpaka Jumapili.

Kitu kilichokuwa kinaniudhi ni wateja waliorudi baada ya miezi. Flash imepotea, mtoto ameitumbukiza kwenye uji, shemeji ameazima hakurudisha. Kila mmoja alikuja na sentensi ileile, kwamba si iko kwenye kompyuta. Watu wanaamini kompyuta haisahau. Nilikuwa nawajibu vibaya, kusema kweli. Nilikuwa nawauliza kama nyumbani kwao wanatunza maji waliyooshea vyombo. Ukutani tulikuwa na tangazo kwa herufi kubwa kwamba kazi ikishachukuliwa hatuhusiki tena, na nilikuwa nawaonyesha kwa kidole.

Inabidi nieleze pia jinsi edita wetu alivyofanya kazi, kwa sababu bila hiyo habari haieleweki. Kwenye sendofu, MC huwa anapitisha kipaza sauti kwa wazee ili wamuage binti yao. Wazee wa mjini wanasema kwa Kiswahili, wanachekesha, wanamaliza. Lakini mara nyingi kuna mmoja ametoka bara, amefika kwa basi, na akishika kipaza sauti anasema kwa kilugha chake. Hapo edita alikwama. Hajui sentensi inaanzia wapi, hajui akate wapi, hajui kama mzee anaomba dua au anasimulia bei ya mahindi. Kwa hiyo alizima sauti ya mzee kabisa akaweka wimbo juu yake, wimbo mzuri wa kuaga, na picha ya mzee ikawa inachezesha midomo taratibu. Bosi aliona ni ufundi. Wateja hawakulalamika hata mara moja, na wengi walisifu kwamba pale pametulia. Mimi mwenyewe sikuona shida yoyote. Kingoni changu kinaishia kwenye salamu, na Kimakonde cha edita kinaishia kwenye matusi. Tulikuwa watoto wa Temeke, na kilugha kwetu kilikuwa ni kelele za wazee wakikutana.

Mwanamke mmoja alikuja katikati ya wiki, asubuhi, umeme ukiwa umerudi muda mfupi tu. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Alinisalimia vizuri, akasema ni mwalimu wa shule ya msingi kule Wazo, kwamba ametoka nyumbani alfajiri ili anikute, na kwamba sendofu yake tuliipiga sisi, kwenye ukumbi mmoja hapa hapa Mbagala. Nilijua kinachofuata. Nilikuwa nimeshaanza kuinua kidole kuelekea kwenye tangazo.

"Video ninayo," akasema. "Nimefuata sauti ya baba."

Nilishusha kidole. Nikamvutia kiti, na kwa mara ya kwanza nikaigeuza feni kidogo.

Alilelewa Mbagala na mama yake mkubwa tangu mdogo, baada ya mama yake kufariki. Baba alibaki Sumbawanga. Alikuwa anatuma matumizi, anapiga simu, na likizo mara chache alimwita. Kifipa hakukishika. Alipokua akampenda mwanaume, wakaanza kuishi pamoja kabla ya ndoa, akapata mtoto, na baba akatuma ujumbe kupitia kwa ndugu kwamba yeye hana binti Dar es Salaam. Miaka ikapita hivyo. Ndoa ilipopangwa alimpelekea mwaliko bila matumaini. Siku ya sendofu, watu wakiwa wameshakaa, baba aliingia na koti lake na begi la safari, akakaa meza ya nyuma na ndugu zake waliotoka naye huko.

MC, ambaye hajui habari za watu, akampa kipaza sauti.

Kiswahili baba alikuwa anakijua vizuri kabisa, akanieleza, alikuwa amefanya kazi na watu wa kila mkoa. Lakini alisimama akamtazama binti yake moja kwa moja akasema kwa Kifipa, muda mrefu, bila kutabasamu. Kwenye meza ya nyuma baadhi walipiga makofi. Bibi mmoja alisimama akatoka nje. Yeye bibi harusi alikuwa ameambiwa na mpiga picha wetu atabasamu, kwa hiyo alitabasamu muda wote, na baba alipomaliza akainama akamwambia asante baba. Hakujua anashukuru nini. Baba akarudisha kipaza sauti, na kabla ya keki kukatwa alikuwa ameshaondoka.

Nilimuuliza kwa nini hakumpigia simu amuulize. Ni swali la kijinga, najua, lakini lilinitoka. Alisema alimpigia. Baba aliuliza habari za mvua, habari za mtoto, akasema safari ilikuwa nzuri. Lile la ukumbini hakulitaja, na yeye aliogopa kulitaja, kwa sababu simu zile zilikuwa zimeanza tu kurudi na hakutaka kuzivunja. Akawa amepanga kwamba video ikitoka atakaa nayo na mwalimu mwenzake mmoja, Mfipa, mtu baki asiye na upande, amtafsirie neno kwa neno. Video ikatoka na wimbo. Akajiambia haina shida, sauti yenyewe ipo studio, ataifuata siku akipata nafasi. Shule, mtoto, ndoa changa, Wazo na Mbagala ni mbali. Nafasi haikupatikana. Kisha baba akafariki.

Msibani aliwauliza waliokuwepo. Shangazi yake alimwambia alibarikiwa, na akalia. Baba yake mdogo alimwambia kwamba mzee alisema amekuja kumkabidhi kwa mume wake na asimwone tena kwenye ua wake. Yule bibi aliyetoka nje ukumbini alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Simu za wageni alizikagua zote alizoweza. Walirekodi ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikiingia, walirekodi watu wakicheza. Mzee aliposimama kusema, watu waliweka simu chini kwa adabu.

"Shangazi ananionea huruma, baba mdogo hajawahi kunipenda," akasema. "Wote wananijibu mie. Hakuna anayemsemea baba. Nataka nimsikie yeye, hata kama ni kibaya. Kibaya nitakibeba."

Sikuwa na moyo wa kumwambia pale pale. Nilijua tarehe zangu. Sendofu yake ilikuwa imefutwa kitambo, tena niliifuta mimi mwenyewe, kwa mpangilio, picha mbichi kwanza na yale mafaili makubwa ya sauti baadaye. Kadi za kamera zilifutwa hata kabla ya hapo, maana zinarudi kazini wiki hiyo hiyo. Nilimwambia anipe siku chache nijaribu. Hilo halikuwa uongo, kujaribu nilijaribu. Lakini nilijua.

Watu wengi hawajui kwamba ukifuta kitu kwenye kompyuta, hakitoki siku ile. Kompyuta inaandika tu kwamba sehemu ile sasa iko wazi, na kitu chenyewe kinakaa pale, hakina jina, mpaka kije kingine kukalia mahali pake. Ukiwahi, unaweza kukitoa. Kwenye kompyuta ya mtu wa ofisini kinaweza kukaa mwaka mzima. Kwetu kilikaa mpaka Jumapili. Harusi ilikalia msiba, ubatizo ukakalia harusi, sendofu nyingine ikakalia yote.

Niliweka programu ya kufufua mafaili nikaiacha ifanye kazi. Edita alikasirika kwa sababu kompyuta ilikuwa nzito na alikuwa na harusi ya Mbweni ya watu wanaojiweza. Nilimwambia asubiri, na aliponijibu kwa dharau nilimwambia yeye ndiye aliyemziba mzee wa watu mdomo. Aliacha kubofya. Kisha akasema, bila ukali, kwamba hakuna aliyemwambia yule mzee ni nani. Ilikuwa kweli. Hatukuwahi kuambiwa yeyote ni nani, na hatukuwahi kuuliza. Nilijutia nilivyomfokea, na baadaye nilimnunulia soda, lakini kile nilichosema hakikufutika.

Programu ilitoa vipande. Nusu ya keki ya watu wengine. Mkono wa padri na maji yakidondoka. Wanawake wamekaa kwenye mkeka Charambe, picha imeganda, rangi zimekuwa kijani. Nilikaa nikifungua kimoja kimoja, na huzuni yake ilikuwa ya ajabu, kwa sababu hawa wote waliwahi kuja hapa na furaha zao na vilio vyao, na mimi nilikuwa nimewapanga kwa ukubwa. Cha yule mwalimu kilipatikana kimoja, chenye jina sahihi kabisa, jina la ukumbi na la upande wa bibi harusi. Nilikifungua kikatoa weusi. Nikajaribu kwa njia nyingine, weusi. Hakukuwa na kitu ndani yake.

Bosi alisikia habari. Ni mtu mwema, nisimwonee. Alipanda ngazi, akaniuliza maswali mawili matatu, halafu akasema tumtengenezee yule mama picha kubwa ya baba yake ameshika kipaza sauti, ndani ya fremu ya dhahabu, bure. Alisema na yeye alimpoteza baba na hana hata picha. Nilishindwa kumwambia kwamba picha ndiyo kitu pekee ambacho yule mama tayari alikuwa nacho.

Ila kulikuwa na kitu kimoja. Kazi yenyewe ya edita, yaani ule mpangilio wa wapi alikata na wapi aliunganisha, ni faili dogo, na madogo sikuwa nayafuta. Niliufungua mpangilio wa sendofu yake. Programu ikajaa alama nyekundu kila mahali za kusema faili halipo, faili halipo. Nikasogea mpaka kwenye wimbo. Chini ya wimbo, kwenye mstari ule ambao edita aliuzima sauti, vile vilima na mabonde vilikuwepo bado. Mchoro ulikuwa mzima. Ilikuwa sauti ya mzee, kuanzia alipofungua mdomo mpaka aliporudisha kipaza sauti, imechorwa yote, na hakuna hata chembe yake inayoweza kusikika.

Nilifikiria kutomwonyesha. Nilifikiria sana, na mpaka leo sijui kama ingekuwa bora. Lakini mtu ametoka Wazo mara ya pili, amekaa mbele yako na kitambaa cheusi, anakutazama mikono. Nilimweleza kwanza kwamba sauti haipo, haitapatikana, na mtu yeyote atakayemwambia inapatikana anataka kumla hela. Alikubali kwa kichwa tu. Nikamfikishia na habari ya fremu ya bosi. Kisha nikamwonyesha mchoro nikamweleza ni nini.

Alivuta kiti mpaka magoti yake yakagusa meza. Aliomba niukuze, nikaukuza mpaka ukajaza skrini nzima. Aliuliza iwapo palipokuwa bapa ndipo aliponyamaza. Nikasema ndiyo. Palikuwa bapa muda mrefu mahali pamoja, karibu na mwanzo, na alipaangalia pale kuliko kwingine. Alikumbuka. Alisema pale baba alimeza mate, kisha akasema neno moja peke yake, na kweli baada ya ubapa kulikuwa na kilima kimoja kidogo kilichosimama chenyewe. Akauliza kama naweza kujua ni neno gani. Nikasema hapana. Akasogeza kidole mbele, bila kugusa kioo, kama anavyofanya na wanafunzi wake labda, mpaka kwenye vilima vikubwa vya katikati, palipobanana, na kutoka hapo vikawa vinashuka, vinashuka, mpaka mwisho.

Edita alisimama akatoka nje. Chumba kilibaki na sisi wawili na feni.

"Wewe umeona mingi, dada," akaniuliza, macho yakiwa kwenye skrini. "Mzee akibariki, inakaaga hivi?"

Nilikuwa nimeona michoro mingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Baraka, ugomvi, MC anayetangaza gari la kusogeza, watoto wakilia, vyote vinakaa hivyo. Mchoro unaonyesha nguvu ya sauti tu. Mtu akiwaambia ndugu chakula tayari na mtu akimlaani mwanawe, ukiweka michoro yao pamoja huwezi kuchagua. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote Mbagala nzima. Lakini nilimwangalia yule mama shingo ilivyokuwa imekaza, nikasema.

"Inakaaga hivi hivi. Alikubariki, dada. Ona alivyomaliza taratibu."

Aligeuka akaniangalia kwa muda. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Hata wewe," akasema.

Akafunga zipu ya mkoba wake, akanishukuru kwa kumpa muda, akaniambia nimshukuru na bosi kwa ile fremu ila asiitengeneze. Kisha akashuka ngazi, nikamwona akipita kati ya ndoo za rangi rangi kuelekea barabarani. Nilitaka kumwita. Sikuwa na neno la kumwambia ambalo shangazi yake hakuwa ameshamwambia.